Deni lililomo katika ‘shall’

Mwezi uliopita nilitembelewa na mama jirani yangu anayeuza nafaka katika duka la kupanga. Alikuja na bahasha ya kaki mkononi na hasira kifuani. Paa la duka lake lilianza kuvuja mvua za masika zilipoanza, magunia mawili ya mahindi yakalowa na kuota, na kila alipomwendea mwenye nyumba alipewa jibu lile lile: “Mama, mkataba si unasema nitarekebisha? Basi nitarekebisha. Kwani umeandikwa lini?”

Nikaifungua bahasha. Ndani mlikuwa na mkataba wa upangaji kwa Kiingereza na tafsiri yake ya Kiswahili, kazi ya kijana aliyeijua lugha vizuri. Pale ambapo Kiingereza kilisema kwamba mwenye nyumba “shall repair” paa, Kiswahili kilisema “atarekebisha” paa. Hakuna mwalimu wa sekondari ambaye angemkosoa kijana huyo. Mimi mwenyewe, kwa zaidi ya miaka thelathini darasani, nimewapa wanafunzi alama kwa tafsiri kama hiyo. Ila siku hiyo, nikimtazama mama akifuta jasho kwa ncha ya leso, nilianza kujiuliza kama alama hizo nilizitoa kwa haki.

Katika safu ya leo, mpenzi msomaji, ninataka tulifuatilie neno hilo moja la Kiingereza toka lilikozaliwa hadi lilipoingia katika Katiba yetu. Ni neno dogo, lakini limebeba mzigo mkubwa.

Tuanzie mbali kidogo. Katika Kiingereza cha Kale, lugha iliyozungumzwa Uingereza kabla ya Wanormani kuivamia nchi hiyo mwaka 1066, kitenzi hiki kiliandikwa “sceal”. Maana yake ya msingi haikuhusu wakati ujao hata kidogo. Ilikuwa “nadaiwa”, yaani “nina deni”. Katika Injili ya Luka iliyotafsiriwa kwa Kiingereza hicho cha Kale, wakili dhalimu anapowauliza wadeni wa bwana wake kila mmoja anadaiwa kiasi gani, kitenzi kinachotumika ni hicho hicho. Ndugu zake wangali hai katika lugha jirani. Kijerumani kina “sollen”, kitenzi cha wajibu, na vilevile kina nomino “Schuld”, ambayo hadi leo ina maana mbili kwa pamoja: deni na hatia.

Mwenzake “shall”, yaani “will”, alitoka katika ukoo mwingine. Huyo alizaliwa na “willan”, maana yake kutaka. Kwa hiyo Waingereza wa kale walikuwa na vitenzi viwili vilivyoelekea mbele, kimoja kikisema “ninadaiwa kufanya” na kingine “ninataka kufanya”. Tofauti kati ya viwili hivyo anaijua kila mtu aliyewahi kukopesha pesa.

Karne zikapita, na vitenzi hivi vikaanza kuchakaa. Kitu unachodaiwa kufanya na kitu unachotaka kufanya vyote bado havijafanyika. Vyote vipo mbele. Basi polepole maana ya deni na ya utashi ikafifia, ikabaki ile ya wakati ujao. Watu wa kawaida walipendelea “will” katika mazungumzo yao. Shuleni mambo yalikuwa tofauti. Kwa kuwa “will” ilikwisha tengwa kutafsiri kitenzi cha Kilatini cha kutaka, wanafunzi walizoeshwa kutumia “shall” kila walipokutana na wakati ujao wa Kilatini. Mazoea hayo yanaonekana wazi katika Biblia ya Kiingereza inayohusishwa na John Wycliffe, ya karne ya 14. Hivyo “shall” ikavaa joho la usomi na la maandiko matakatifu, ilhali “will” ilibaki sokoni na jikoni.

Mwaka 1653 akatokea John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, yule yule aliyetupa alama ya ukomo usio na mwisho, ile inayofanana na nane iliyolala. Wallis aliandika sarufi ya Kiingereza kwa Kilatini ili kuwasaidia wageni. Humo akaweka kanuni ambayo walimu wetu wa enzi ya ukoloni walituchapia viboko: katika nafsi ya kwanza, “shall” hutabiri tu, na “will” huahidi au hutisha; katika nafsi ya pili na ya tatu mambo hugeuka, “will” ikatabiri na “shall” ikaahidi, ikaamuru au ikatisha. Ndugu wawili wa ukoo wa Fowler walirefusha kanuni hiyo mwaka 1906 kwa kurasa nyingi, wakishikilia kwamba Mwingereza wa kusini huipata kwa kuzaliwa nayo.

Waingereza walikuwa na mzaha juu ya kanuni hiyo, wakimcheka Mskoti au Mwairishi asiyeijua. Mtu alianguka mtoni akapiga kelele, “I will drown, no one shall save me!” Waliosimama kando walivua kofia kwa heshima, wakamwacha afe, kwani kwa mujibu wa sarufi alikuwa ametangaza kuwa ameazimia kuzama na amekataza mtu yeyote kumwokoa. Hebu jaribu kuutafsiri mzaha huo kwa Kiswahili: “Nitazama, hakuna atakayeniokoa!” Umekufa papo hapo. Mskoti wetu angeokolewa. Kiambishi chetu “-ta-” hakitofautishi utabiri, ahadi, azma wala amri. Kwa mtu anayezama, hiyo ni bahati. Kwa mtu anayedai haki yake mahakamani, si bahati.

Nayo “-ta-” ina asili yake. Wanaisimu wengi wanaihusisha na kitenzi “-taka”, na ushahidi tunao vinywani mwetu kila siku. Tunasema “atakuja”, lakini tukiweka kirejeshi tunasema “atakayekuja”. Tunasema “watashinda”, kisha “watakaoshinda”. Ile “-ka-” iliyomezwa inarudi, na kitenzi “-taka” kinajitokeza kizima. Kwa maneno mengine, “-ta-” ni ndugu ya “will”. Zote mbili zimezaliwa na utashi. Tunapoiweka “-ta-” mahali pa “shall”, tunalichukua neno lililozaliwa likiwa deni na kulivisha nguo ya neno lililozaliwa likiwa hamu. Mwenye nyumba wa jirani yangu hakusoma isimu, lakini masikio yake yaliisikia tofauti hiyo barabara. Alidaiwa, akasoma kwamba anataka. Na kutaka, kama tujuavyo, hakuna tarehe.

Turudi kwa Waingereza. Kadiri “shall” ilivyotoweka katika mazungumzo, ndivyo ilivyozidi kustawi katika sheria. Watunzi wa sheria waliipenda kwa kuwa huamuru bila kupaza sauti. Tatizo ni kwamba waliipenda kupita kiasi. Waliitumia kuweka wajibu (mpangaji alipe kodi), kukataza (mtu yeyote asifanye hivi), kutangaza jambo (kuwe na mahakama), kueleza wakati (sheria hii ianze kutumika siku fulani), hata kuweka sharti. Neno likifanya kazi tano, hakuna anayejua kwa hakika limevaa kofia ipi. Mwaka 1995 Jaji Ruth Bader Ginsburg wa Mahakama ya Juu ya Marekani alikumbusha kwamba, ingawa kwa kawaida neno hili lina maana ya lazima, waandishi wa sheria wakati mwingine hulitumia, au hulitumia vibaya, kwa maana ya “yafaa” au hata “anaweza”.

Matokeo yake yanaweza kuwa machungu. Mwezi Juni mwaka 1999, katika mji wa Castle Rock, jimbo la Colorado, mama mmoja alikuwa na amri ya mahakama ya kumzuia mumewe waliyetengana asiwakaribie yeye na watoto nje ya masharti yaliyowekwa. Sheria ya jimbo ilisema kwamba polisi “shall” watumie kila njia ifaayo kuitekeleza amri kama hiyo. Baba aliwachukua mabinti zao watatu. Mama akawapigia polisi simu mara kadhaa, akaenda kituoni mwenyewe, nao wakamwambia asubiri. Alfajiri mabinti wote watatu walipatikana wameuawa. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, majaji 7 kwa 2, kwamba licha ya neno hilo polisi walikuwa bado na hiari, na kwamba mama huyo hakuwa na haki ya kikatiba ya kudai utekelezaji. Deni lilikuwa limeandikwa; mahakama ikasema si deni analoweza kulidai yeye.

Nchi nyingine zimejaribu kulitibu tatizo hili. Katiba ya muda ya Afrika Kusini ya mwaka 1993 ilijaa “shall”. Ile ya kudumu ya mwaka 1996 ikaiweka kando na kutumia “must”, neno lisilo na chenga. Jirani zetu wa Tanzania walichukua njia ya kulifafanua. Sheria yao ya Tafsiri ya Sheria, Sura ya 1, katika kifungu cha 53(2), inaeleza kwamba “shall” inapotumika kukabidhi jukumu, jukumu hilo ni la lazima kutekelezwa. Hata hivyo, Mahakama yao ya Rufani imewahi kusema kwamba si kila “shall” ina uzito huo, na kwamba inapaswa kusomwa pamoja na vifungu vingine. Neno lilifungiwa mlango, likapitia dirishani.

Sasa tuje nyumbani. Kifungu cha 81(b) cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinasema, kwa kutumia “shall”, kwamba wanachama wa jinsia moja katika taasisi za umma za kuchaguliwa wasizidi thuluthi mbili. Uchaguzi wa Machi 2013 ulipokaribia, Mwanasheria Mkuu aliiuliza Mahakama ya Juu: je, hili linatakiwa kutimizwa sasa hivi? Katika maoni yake ya Desemba 11, 2012, majaji walio wengi walilipima neno lenyewe. Walisema, kwa ufupi, kwamba “shall” huwa amri ya papo hapo pale tu ambapo kazi yenyewe imekwisha kukatwa na kushonwa, inaweza kutekelezwa ilivyo bila matayarisho zaidi, na iko mikononi mwa chombo kimoja. Kwa kuwa usawa wa kijinsia bungeni ulihitaji sheria na utaratibu, wakasema ungefikiwa hatua kwa hatua, na sheria ya kuuwezesha itungwe kufikia Agosti 27, 2015. Jaji Mkuu Willy Mutunga hakukubaliana nao. Kwake yeye, deni lilikuwa limeiva.

Sina nia ya kuwafundisha majaji sheria. Ninachotaka tukitazame ni sarufi. Katika sentensi ile ya 81(b), ni nani anayedaiwa? Ni mpigakura? Ni vyama vya siasa? Ni Tume ya Uchaguzi? Ni Bunge? Sentensi inataja hali inayotakiwa kuwapo, lakini haimtaji mtendaji. Ni deni lisilo na mdeni. Na deni lisilo na mdeni, hata liandikwe kwa wino wa dhahabu, kila mmoja atamsukumia mwenzake.

Ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 2013 wanawake 16 walichaguliwa katika maeneobunge 290. Mwaka 2017 walikuwa 23. Hata tukiongeza viti 47 vya wawakilishi wa wanawake wa kaunti na vile vya uteuzi, Bunge la Taifa lenye wabunge 349 lilibaki mbali na thuluthi moja, ambayo ni wabunge 117. Muda wa kutunga sheria ukaongezwa mwaka mmoja. Miswada ikaletwa, ikaanguka kwa kukosa kura 233 zilizohitajika. Machi 2017 Mahakama Kuu ikalipa Bunge siku 60. Siku 60 zikapita.

Hapo ndipo kifungu kingine kilipoamka: 261(7). Hiki, msomaji wangu, kina “shall” mbili zilizofuatana kama askari. Bunge likishindwa kutii amri ya mahakama ya kutunga sheria, Jaji Mkuu anatakiwa kumshauri Rais alivunje Bunge, na Rais anatakiwa kulivunja. Wadeni wametajwa kwa vyeo vyao. Septemba 21, 2020, Jaji Mkuu David Maraga alilipa la kwake: akamwandikia Rais Uhuru Kenyatta kumshauri alivunje Bunge. “Shall” ya kwanza ikatimizwa. Siku chache baadaye Mahakama Kuu ikasimamisha utekelezaji wa ushauri huo mpaka kesi zisikilizwe, na Bunge lile likakaa hadi uchaguzi wa Agosti 2022. “Shall” ya pili haikulipwa.

Katika mjadala wa siku hizo nilisikiliza redio nyingi za Kiswahili. Wasomaji wa habari walisema “Rais atalivunja Bunge”, “Rais anaweza kulivunja Bunge”, “Rais ana budi kulivunja Bunge” (hapo mtangazaji alikusudia “hana budi”, akasema kinyume chake), na “Rais alivunje Bunge”. Hizo ni kauli nne zenye uzito tofauti kabisa, zote zikitafsiri neno moja. Mwananchi aliyekuwa akipalilia shamba lake, redio ikining’inia kwenye mti, angejuaje kama Rais anadaiwa, anaruhusiwa, au anatabiriwa?

Wapo watakaosema: shida iko wapi, ilhali Kifungu cha 259(2) cha Katiba yenyewe kinasema kwamba tafsiri za lugha mbalimbali zikipingana, Kiingereza ndicho kinachotawala? Ni kweli. Lakini Kifungu cha 7 kinasema pia kwamba Kiswahili ni lugha ya taifa na lugha rasmi. Mahakama inaweza kurejea Kiingereza. Mama muuza nafaka hana pa kurejea. Haki anayoweza kuidai ni ile aliyoelewa.

Je, ina maana Kiswahili ni maskini? Hasha! Tunao utajiri ambao hatuutumii. Kwanza tuna umbo la “alipe”, “arekebishe”, “asizidi”, ambalo huagiza bila kutabiri. Watafsiri wa Biblia walipofika kwenye amri kumi, walizikuta katika Kiingereza zikiwa zimevaa “shall”. Hawakuandika “hutaiba”, kana kwamba wanatabiri tabia ya Mwisraeli; walichagua umbo la “usi-”, na hakuna Mswahili aliyewahi kuuliza kama ile ni amri au ni utabiri. Pili tuna “lazima”, “sharti”, “wajibu”, “hana budi” na “yampasa”, kila moja na kipimo chake.

Na tatu, tuna hazina tuliyoisahau: kitenzi “kuwiwa”. Wazee wa pwani walisema “ninamwia” kwa maana ya kwamba ninamdai, na “ninawiwa” kwa maana ya kwamba ninadaiwa. Mwia ni mdai, mwiwa ni mdeni. Kutoka hapo kitenzi kikapanda ngazi kama alivyopanda “sceal” wa Waingereza: leo mtu husema “ninawiwa kukushukuru”, naye hazungumzii fedha bali wajibu ulio moyoni. Lugha mbili zisizo na undugu, bahari na mabara yakiwa kati yao, zilianza na deni la mfukoni zikafika kwenye deni la dhamira. Sipendekezi kwamba kesho tuandike mikataba kwa “kuwiwa”. Ninachosema ni kwamba neno hilo linatufundisha maswali ambayo kila mtafsiri wa “shall” anapaswa kuyauliza kabla hajaandika: Nani anadaiwa? Anadaiwa nini? Anadaiwa na nani? Na anatakiwa kulipa lini? Akipata jibu la “hakuna anayedaiwa, ni wakati ujao tu”, basi aandike “-ta-” kwa amani. Akipata jina la mdeni, aachane nayo.

Wala nisidanganye kwamba sarufi peke yake inatosha. Kifungu cha 261(7) kina wadeni waliotajwa, na bado tumeona kilichotokea. Neno haliwezi kumlipia mtu deni. Linachoweza kufanya ni kumnyima mdeni mahali pa kujificha, na hilo si jambo dogo.

Jioni ile tulikaa na mama jirani hadi chai ikapoa. Tukakiandika upya kifungu kile kwa ajili ya mkataba wake wa mwaka ujao: “Mwenye nyumba ana wajibu wa kurekebisha paa ndani ya siku saba tangu mpangaji atoe taarifa, asiporekebisha, mpangaji atarekebisha na kukata gharama hizo kwenye kodi.” Mama akakisoma mara mbili, kwa sauti. Kisha akaniuliza, “Profesa, hii ‘atarekebisha’ ya pili mbona umeiacha?”

Nikamwambia, “Hiyo ni yako, mama. Hapo hudaiwi na mtu. Ukitaka.”

Akacheka, akaikunja karatasi, akaitia kwenye bahasha. Wahenga walisema ahadi ni deni. Walikuwa sahihi, lakini nadhani walimlenga mtu anayesema kwa kinywa chake, mbele ya majirani wanaomjua. Kwenye karatasi, deni halina budi kuandikwa kuwa deni.